Mkono wa Kuazima na Macho ya Kuazima

Kila fundi ana mwalimu wake, hata kama hakupata kukaa mbele yake darasani. Seremala wa Lamu hutazama mlango uliochongwa na wakubwa wake kabla ya kushika patasi. Malenga hukariri tungo za waliomtangulia kabla ya kutunga zake. Na mchora katuni, ambaye watu wengi humdhania kuwa mtu wa mzaha tu, hufanya vivyo hivyo. Hutazama picha za wenziwe, huziiga, huzitupa na kuziiga tena, hata mkono wake ukazoea kwenda bila kushikwa. Basi mtu asikutie haya, msomaji kijana, kwa kukuambia kwamba kuiga ni upungufu wa akili. Mtoto hujifunza kusema kwa kuiga, na hapana amchekaye kwa hilo.

Lakini wahenga walituachia maonyo mawili: kwamba mwiga tembo hupasuka msamba, na kwamba mtu asisafirie nyota ya mwenziwe. Maonyo hayo hayakatazi kuiga kwa jumla. Yatutaka tuulize kitu gani chafaa kuigwa na kitu gani hakifai. Katika sanaa ya katuni swali hilo si dogo, kwa sababu picha huingia katika akili ya mtoto mapema kuliko maneno, na ikiisha kuingia ni kazi kubwa kuitoa.

Na tulipime swali hili kwa kazi ya mtu mmoja, Mbelgiji aliyejiita Hergé, mtungaji wa visa vya Tintin. Nimemchagua kwa sababu katika vitabu viwili alivyovichora kwa mkono uleule, miaka michache tu baina yao, alionyesha kuiga kunakojenga na kuiga kunakobomoa. Tena kimoja cha vitabu hivyo chahusu Kongo, nchi ambayo watu wake wengi wa upande wa mashariki husema Kiswahili kama tusemavyo sisi. Kwa hiyo habari hii si ya mbali, wala hatuwezi kuisoma kama watu wasiohusika.

Kwanza yafaa tujue katuni ya hadithi ni kitu gani. Ni picha zilizopangwa katika visanduku, kimoja baada ya kingine, na maneno ya wasemaji yametiwa ndani ya viputo juu ya vichwa vyao. Maelezo haya ni mafupi, lakini siri ya kazi haimo ndani ya visanduku peke yake. Imo pia katika nafasi nyeupe iliyo baina yao. Katika kisanduku cha kwanza mvulana ameinua jiwe. Katika cha pili kioo cha dirisha kimevunjika na mwenye nyumba ametoka na bakora. Ni nani aliyelirusha jiwe? Mchoraji hakulichora likiruka. Wewe msomaji ndiwe uliyelirusha, katika ile nafasi nyeupe. Mchora katuni, basi, hufanya kazi kwa mikono miwili: mmoja wake, na mmoja wa msomaji. Akionyesha kila kitu, msomaji huchoka. Akificha mno, msomaji hupotea. Kupima baina ya mambo mawili hayo hakufundishwi kwa kanuni. Hupatikana kwa kusoma sana kazi za watu waliokwisha kupima.

Hergé aliupata ujuzi huo kwa njia hiyo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Georges Remi, naye alizaliwa mwaka 1907 huko Etterbeek, katika mji wa Brussels. Jina la Hergé alilitoa katika herufi mbili za mwanzo za majina yake, zikigeuzwa na kutamkwa kwa Kifaransa. Hakukaa katika chuo cha uchoraji kwa muda wa maana. Chuo chake kilikuwa kurasa za magazeti. Mwaka 1926 alianza kuchora kisa cha skauti mmoja aitwaye Totor katika gazeti la maskauti wa Ubelgiji. Ukikitazama kisa hicho utaona kwamba picha zimekaa juu na maelezo marefu yamekaa chini yake, kama bwana na mzigo wake. Jicho hupanda kutazama, hushuka kusoma, hupanda tena. Na mwendo wa hadithi hukatika kila mara.

Wakati uo huo, huko Ufaransa, Alain Saint-Ogan alikuwa ameanza mwaka 1925 kisa cha watoto wawili, Zig na Puce, ambamo maneno yalitiwa katika viputo ndani ya picha zenyewe. Ng'ambo ya bahari, Mmarekani George McManus alikuwa akichora tangu mwaka 1913 vichekesho vya mume na mke waliopata utajiri wa ghafula: mke apenda makuu, mume apenda rafiki zake wa zamani. Hergé aliwasoma wote wawili. Kwa Saint-Ogan alijifunza unyofu wa mstari na matumizi ya kiputo. Kwa McManus alijifunza usafi wa mchoro na, kama alivyokiri mwenyewe, namna ya kuchora pua. Mwaka 1931 alimwendea Saint-Ogan ana kwa ana kumwomba shauri. Hakuona haya kuwa mwanafunzi.

Matunda ya mafunzo hayo yalionekana tarehe 10 Januari 1929, Tintin alipotokea mara ya kwanza katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya kila juma ya watoto katika gazeti moja la Kikatoliki la Brussels. Maneno yalikuwa yameingia ndani ya picha, na hadithi ilikuwa imepata miguu. Kila juma zilitoka kurasa mbili tu. Kwa hiyo mchoraji alilazimika kuumaliza ukurasa wa pili kwa jambo la kumshika msomaji roho: mlango unafunguka, gari linaelekea genge, mkono wa mtu asiyejulikana unashika bastola. Mtoto wa Brussels alikaa siku saba akingoja.

Tazama sasa jinsi kitu cha kuazima kilivyogeuka kuwa mali ya mwenyewe. Mstari wa McManus ni wa sebuleni. Watu wake husimama, hugombana, hurushiana sahani. Hergé aliuchukua usafi wa mstari huo akautia mbio. Mstari wake una unene uleule popote ulipo, haukolezwi kwa vivuli, na kila kitu kilichomo katika kisanduku chaonekana wazi kama jiwe ndani ya maji matulivu. Mwaka 1977 mchoraji Mholanzi Joost Swarte aliupa mtindo huo jina la mstari safi, nao hujulikana kwa jina hilo hata leo. Juu ya hayo, Hergé alimpa Tintin uso ulio karibu na utupu: duara, nukta mbili za macho, pua ndogo, na kishungi cha nywele. Uso wa namna hiyo ni kama nyumba isiyo na kufuli. Mtoto yeyote aweza kuingia, akaiona safari kuwa yake. Hapa hatuna budi kumsifu Hergé. Aliiga ufundi wa wengine, akauelewa, akaupeleka mahali ambapo wao hawakuufikisha. Huo ndio mkono wa kuazima, nao ni mkopo wa halali.

Lakini mwaka 1930 aliazima kitu kingine. Mkurugenzi wa gazeti lake, padri Norbert Wallez, alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Hergé alikuwa na umri wa miaka 23, na hakuwa amepata kukanyaga ardhi ya Afrika. Juni mwaka ule alianza kumchora Tintin nchini Kongo. Alipata wapi sura za Wakongo? Alizipata katika picha zilizokuwa zimezagaa mjini mwake: vichekesho vya magazeti, habari za wasafiri, na vitu vilivyowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Katika jumba hilo ilikuwapo sanamu iliyochongwa mwaka 1913 na Paul Wissaert, ya mtu aliyevaa ngozi ya chui na kucha za chuma akimnyemelea mtu aliyelala. Hergé aliichukua sanamu hiyo akaitia katika kitabu chake. Yaani Mbelgiji mmoja aliiga ndoto ya hofu ya Mbelgiji mwingine, na wote wawili wakaiita Afrika.

Na tukitazame kitabu chenyewe kwa haki, kwa kuwa mhakiki asiyetazama hana tofauti na mchoraji asiyetazama. Kuna mahali ambapo gari la Tintin limekwama juu ya reli na gari la moshi linakuja. Msomaji angoja Tintin asagwe. Zinagongana, na kumbe gari dogo limebaki zima, na gari la moshi ndilo lililoanguka ubavu. Kama mzaha, umepimwa vizuri: kikubwa chaanguka, kidogo chasimama, na mgeuko watokea katika nafasi nyeupe ambapo hukuutazamia. Lakini tazama kinachofuata. Abiria Wakongo wamesimama wakilalamika, wala hawajui la kufanya na gari lao wenyewe, mpaka Tintin awaamrishe walisimamishe. Na mbwa wake mweupe, Milou, awakemea kwa uvivu wao. Mzaha uliopimwa vizuri umetumikia uongo, na uongo umepata nguvu kwa kupimwa vizuri.

Sasa zitazame nyuso. Mchoraji yule aliyeweza kumpa mbwa furaha, hasira, majivuno na majuto hakuwapa Wakongo ila uso mmoja, uliopigwa chapa mara mia: midomo minene kupita kiasi, macho ya duara, na mshangao usiokwisha. Yasikilize na maneno yao. Milou husema Kifaransa fasaha. Watu wa Kongo husema Kifaransa kibovu, kana kwamba hawana lugha zao wenyewe walizozisema kwa ufasaha kabla Mbelgiji hajafika. Mbwa ana nafsi, na watu hawana. Mtu asiyetaka kusikia maneno mengi juu ya ubaya wa kitabu hiki, jambo hili moja lamtosha.

Tena kumbuka lile jiwe tulilolirusha sisi wenyewe katika nafasi nyeupe. Hatari ya katuni iko hapo. Msomaji haambiwi tu kwamba Mkongo ni mpumbavu. Yeye mwenyewe hushiriki katika kumfanya mpumbavu, kwa kuikamilisha hadithi kila apitapo toka kisanduku hadi kisanduku. Aisomaye hotuba ya dharau aweza kuikataa. Achekaye mzaha wa dharau amekwisha kuukubali kabla hajajua.

Kitabu kilitiwa rangi na kuchorwa upya mwaka 1946. Katika picha za zamani Tintin alisimama mbele ya watoto wa shule ya misheni akataka kuwafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Katika picha mpya awafundisha hesabu. Kifutio kiliondoa maneno, hakikuondoa nyuso. Katika mazungumzo yake na Numa Sadoul, yaliyochapishwa mwaka 1975, Hergé alikiri kwamba alikichora kitabu hicho kwa mawazo ya upendeleo ya watu wa mazingira yake. Kukiri huko ni kwema, nacho chaeleza jinsi kosa lilivyotokea. Lakini kueleza asili ya homa si kuiponya. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja Mkongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji alikwenda mahakamani kutaka kitabu kizuiwe, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilimkatalia. Wengine huongeza kwamba huko Kinshasa mafundi huchonga sanamu za Tintin kwa mti na kuwauzia wageni, kwa hiyo hapana aliyeumizwa. Hoja hizo mbili ni za mahali pengine. Mahakama hupima kosa la sheria, na soko hupima faida ya muuzaji. Kazi ya uhakiki ni kupima kama mchoraji aliona alichokichora. Katika kitabu hiki Hergé hakuona. Alitumia macho ya kuazima.

Miaka minne baadaye alitangaza kwamba Tintin angekwenda China. Padri mmoja aliyekuwa mlezi wa wanafunzi Wachina katika chuo kikuu cha Leuven alimwandikia, akimsihi asiwachore Wachina kwa namna ya mazoea, maana wanafunzi wale wangeumia. Hergé alikubali, akakutanishwa na kijana wa umri wake, Zhang Chongren, aliyekuwa akisomea uchongaji wa sanamu mjini Brussels. Wakawa wakionana Jumapili. Zhang alimweleza habari za nchi yake, alimwonyesha matumizi ya brashi ya Kichina, na alimfundisha kutazama mti kabla ya kuuchora. Kitabu kilichotokana na urafiki huo, Le Lotus bleu, yaani Yungiyungi la Buluu, kilianza kutoka gazetini Agosti 1934.

Kifungue, msomaji, ukilinganishe na kile cha Kongo. Mkono ni uleule: mstari safi, mbio zilezile, mwisho wa ukurasa uleule wa kumshika mtu roho. Lakini mitaa ya Shanghai ina maduka, vibao, taa na watu wanaokwenda kwenye shughuli zao. Wachina wana nyuso zao: mzee ana uso wa mzee, mpumbavu ana uso wake, na mwerevu wake. Maandishi ya Kichina yaliyo ukutani si michoro ya kubuni. Yaliandikwa na Zhang. Mtoto wa Brussels aliyaona kuwa pambo, lakini mwenye kujua kusoma aliona humo miito ya kupinga ubeberu. Tukio la tarehe 18 Septemba 1931, ambapo Wajapani walilipua reli karibu na mji wa Mukden wakawasingizia Wachina, limetiwa katika hadithi waziwazi, wakati ambapo watu wengi wa Ulaya walikuwa hawajui ukweli wake.

Kuna mahali Tintin amwokoa mvulana Mchina aitwaye Chang katika mafuriko. Mvulana astaajabu kuokolewa na mzungu, na Tintin amweleza mambo ya upuuzi ambayo Wazungu huyaamini juu ya Wachina. Wote wawili wacheka. Kicheko hicho kina thamani kubwa, kwa maana katika kitabu chake cha kwanza Hergé mwenyewe aliwachora Wachina kuwa watesaji wenye misuko ya nywele. Hapa ayacheka macho yake ya jana. Ndipo alipokua.

Huenda msomaji mwerevu akapinga hivi: je, macho ya Zhang nayo hayakuwa ya kuazima? Ndiyo, yaliazimwa, lakini yaliazimwa kwa mwenye nyumba. Mgeni akikaribishwa na mwenyeji, akaonyeshwa chumba hiki na kile, akirudi kwao ana haki ya kusema ameiona nyumba. Aliyesimulia habari za nyumba kwa kusikia porojo za wapita njia hana haki hiyo, hata akiwa fundi wa maneno.

Lakini tusiache sifa zikatufumba macho sisi nasi. Katika kitabu hikihiki kizuri, Wajapani wamechorwa kwa meno ya kutokeza na nyuso za chuki, uso mmoja uliopigwa chapa kama ule wa Kongo. Serikali ya Japani ilistahili kulaumiwa kwa iliyoyatenda China. Watu wa Japani hawakustahili kunyang'anywa nyuso. Kwa nini Hergé, aliyekwisha kufunguliwa macho, alianguka tena? Naona jibu ni rahisi, nalo ni la kutisha: alikuwa na rafiki Mchina, wala hakuwa na rafiki Mjapani. Macho yake yalifunguka upande ule tu ambao mtu aliujia mlango wake. Kuona vizuri mara moja si dawa ya maisha. Kila mtu mpya utakayemchora akudai kutazama kupya.

Urafiki ule, hata hivyo, haukupotea bure. Zhang alirudi kwao, na miaka mingi wasipate habari wao kwa wao. Katika Tintin au Tibet, kilichotoka kama kitabu mwaka 1960, Tintin apanda milima ya theluji kumtafuta Chang ambaye watu wote wasema amekufa. Hamna mwovu wa kupigana naye. Mna baridi, weupe, na uaminifu wa rafiki. Mchoraji na rafiki yake walionana tena Brussels mwaka 1981, miaka miwili kabla ya Hergé kufa.

Na Wakongo je? Je, walibaki ndani ya visanduku vya Hergé? Hawakubaki. Sanaa ileile iliyotumika kuwachora vibaya waliichukua wakaitumia kwa kazi zao. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alijifunza hadithi za katuni za mtindo wa Ubelgiji na Ufaransa hata akachapishwa huko huko. Mwaka 2014 kilitoka kitabu chake Madame Livingstone, alichokitunga pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Chasimulia vita vya kwanza vya dunia kando ya Ziwa Tanganyika, ambapo Wabelgiji walitaka kuizamisha meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Hiyo ndiyo meli iliyotiwa majini tena baada ya vita, ikaitwa Liemba, na kuwachukua abiria wa Kigoma kwa miongo mingi. Katika kitabu hicho rubani Mbelgiji ana mwongozaji Mwafrika. Lakini mwongozaji huyo ana uso, ana kiburi, ana siri, na ana historia yake. Visanduku vimepangwa kama walivyozoea kupanga Ubelgiji na Ufaransa. Macho ni ya mwenye nchi.

Naye Chéri Samba wa Kinshasa, mchoraji wa picha kubwa aliyeanza kwa vibao vya matangazo na katuni, alichora mwaka 2002 picha iitwayo Réorganisation. Ndani yake Waafrika wanaivuta kwa kamba ile sanamu ya mtu wa ngozi ya chui ili waitoe katika jumba la Tervuren, na wengine wanaing'ang'ania isitoke. Jumba lilipofunguliwa tena Desemba 2018, baada ya kutengenezwa kwa miaka mitano, sanamu hiyo ilikuwa imeondolewa kati ya vitu vya maonyesho ya kawaida na kuwekwa kando pamoja na sanamu nyingine za namna yake. Ona mzunguko ulioje: sanamu iliingia katika katuni ya Hergé ikiwa hofu, na mchoraji aliyetokana na katuni akaitia katika picha yake ikiwa swali.

Nasi Kenya tuna urithi wetu. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi. Jina lake lenyewe ni darasa: Juha ni mpumbavu wa hadithi za Kiarabu zilizofika pwani yetu zamani, na kalulu ni jina la sungura katika Kinyanja. Hivyo mchoraji wetu hahitaji kwenda Brussels kutafuta cha kuanzia; hadithi za sungura na fisi zilijua kupima mzaha kabla wino haujafika.

Lakini usidhani kwamba kosa la Tintin nchini Kongo ni kosa la Wazungu peke yao. Hapa kwetu pia zimo nyuso za chapa. Mara ngapi tumechora, au tumecheka, mlinzi wa usiku ambaye daima ni wa kabila fulani na daima amelala? Mara ngapi mtu wa mkoa fulani amepewa pua moja, tumbo moja, na matamshi mamoja ya kuchekesha, kana kwamba kabila zima lilizaliwa siku moja na mama mmoja? Mchoraji wa picha hizo hakumtazama jirani yake. Alimwiga mchoraji mwingine, ambaye naye alimwiga mwingine. Nchi yetu imekwisha kuona mahali watu wanapofikia wakizoea kumwona jirani kuwa chapa. Kwa hiyo kalamu yako, ingawa ni nyepesi, si kitu cha mchezo.

Basi ukitaka kujifunza sanaa hii, fanya hivi. Twaa ukurasa wa mchoraji umpendaye, uunakili kwa penseli kama ulivyo, kwa ajili ya mafunzo yako wala si kwa kuutangaza kuwa wako. Hesabu visanduku vyake; uliza kwa nini hiki ni kipana na kile ni chembamba. Yafunike maneno kwa karatasi, uone kama hadithi bado yaenda. Tafuta mahali ambapo wewe ndiwe uliyerusha jiwe. Kisha fanya hivyo kwa mchoraji wa pili na wa tatu, kwa sababu amwigaye mmoja huwa kivuli chake, na aigaye wengi hujikuta siku moja ana mkono wake.

Lakini ukifika wakati wa kumchora mtu, vifunge vitabu vyote. Nenda sokoni, nenda kwenye kituo cha matatu, nenda msikitini na kanisani watu wanapotoka. Mtazame mama auzaye mboga mpaka ujue anavyoshika mizani. Mtazame mlinzi mpaka ujue anapumzisha mguu gani. Na ukitaka kumchora mtu wa kabila usilolijua, tafuta kwanza rafiki wa kabila hilo, umwonyeshe picha kabla ya kuionyesha kwa watu. Akicheka nawe, ichapishe. Akinyamaza, ichore upya.

Mkono wa kuazima hurudishwa na faida, kwa kuwa aliyekufundisha hupata heshima katika kazi yako. Macho hayaazimwi hivyo. Kila mchoraji alizaliwa nayo mawili, na watu atakaowachora wana haki ya kutazamwa kwayo.